Tumbusi Uliyemwona Wewe

Busawe, Jumamosi alasiri

Mama,

Nimekuita hivyo tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni, kwa sababu umebeba jina la aliyenizaa, na kwetu mtu hamwiti mama yake kwa jina kavu kavu. Leo nimeliandika neno hilo na kalamu ikasimama. Nimekaa kwenye dawati la mbele la Darasa la Tano, magoti yananigusa kidevu. Nyumbani nimeaga kwamba nakuja shuleni kufunga madirisha. Madirisha yalikuwa yamefungwa tangu jana.

Habari za sanduku, za shuka, za kutokula vitu vya njiani na za wavulana wa chuo cha ualimu unakokwenda, mama yako na shangazi yako Robhi wamekuambia wiki nzima, mpaka nimekuona unaitikia kabla hawajamaliza. Sitaongeza hata moja. Mimi nina jambo langu, na nimelibeba tangu mchana huu ulipowachekesha wageni waliokuja kukuaga.

Mjomba wako Chacha ndiye aliyeanzisha, bila kukusudia. Alikuwa na mfupa mkononi, akakuuliza kama utaweza kweli kufundisha watoto wa watu na huo upole wako. Ukamjibu, "Mjomba, darasani nitakuwa mkali kama baba." Halafu ukasimama, ukaweka sahani chini, ukawageukia wageni, ukaanza kusimulia.

"Mimi nilikuwa mjinga, nyie. Mbele ya mkaguzi nikamwambia baba eti tumbusi anapanda juu bila kupiga mabawa. Eti anapandia pale majani yalipoungua. Baba akanisimamisha mbele, mikono hivi, mpaka kengele. Ujinga wote ukanitoka siku ile."

Ukanyoosha mikono uwaonyeshe. Watu wakacheka, shangazi yako akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Ukamalizia, "Na mimi mtoto akiniletea ubishi wa namna hiyo, namsimamisha hivyo hivyo. Anapona."

Mimi nilicheka. Nilikuwa nimekaa karibu kuliko wote, na nilicheka kwa sauti.

Mtu mmoja tu hakucheka, na hukumwona kwa sababu alikuwa nyuma yako. Chacha aliuweka mfupa kwenye sahani, akaniangalia. Nilipotoka nje kama mtu anayekwenda kuangalia mbuzi, akanifuata mpaka kwenye zizi. Akaniambia kama anayemkemea kijana, "Wewe mura, utamwacha aende na hiyo?" Nikajifanya sikuelewa. Akasema, "Unajua ninachosema," akarudi ndani. Ndiyo maana niko hapa.

Nianze na lile lililopaswa kuwa la kwanza miaka minane iliyopita. Ulikuwa sahihi. Tumbusi anapanda bila kupiga mabawa. Anapandia pale palipoungua. Mwenye makosa darasani siku ile alikuwa mmoja, na alikuwa ameshika chaki.

Huenda wewe unaikumbuka siku ile kwa namna ulivyoisimulia leo. Mimi naikumbuka kwa upande wa mbele wa darasa, na huko hukuwahi kukaa.

Somo la sayansi nilipewa kwa kukosekana mtu. Mwalimu aliyekuwa nalo alihamishwa, mwalimu mkuu akatazama chumba cha walimu, akaniona mimi. Mtihani wangu wa sayansi chuoni niliupita kwa kusukumwa. Kila usiku nilisoma ukurasa mmoja wa kitabu, asubuhi nikafundisha ukurasa huo huo, na niliomba Mungu mtoto asiulize kitu cha ukurasa unaofuata. Nyinyi mkaniona najua kila kitu. Nilipenda sana kuonekana hivyo.

Wiki ile tuliambiwa atakuja mgeni wa kuangalia ufundishaji. Siku hizi wana jina refu, sisi wa zamani tunawaita wakaguzi tu. Nikaandaa somo la wanyama wanaoruka. Ubaoni nilichora kuku, kwa kuwa kuku ndiye ndege pekee ninayeweza kumchora akatambulika. Nikaandika: mnyama huruka kwa kupiga mabawa, asipopiga, huanguka. Na kuku wa kweli nilikuja naye, yule mwekundu wa mama yako, nikamrusha juu. Akapiga mabawa kwa fujo, akatua juu ya meza. Mkaguzi akatabasamu. Nikaona mambo yamekwenda vizuri.

Ndipo ukanyoosha mkono.

"Mwalimu, na tumbusi?"

Nikakujibu kwamba tumbusi naye ni ndege, anapiga mabawa kama wenzake.

"Hapigi, mwalimu. Akitoka mtini anapiga kidogo, halafu anayanyoosha tu. Anazunguka, anapanda. Mimi nimemwangalia mpaka akawa kadogo."

"Wewe uko chini, yeye yuko juu. Utaonaje?"

"Naona, mwalimu. Na asubuhi hawezi. Anangoja jua likolee. Halafu anakwenda kupandia pale peusi palipochomwa. Kwenye majani mabichi hapandii."

Nyuma kabisa kuna mtoto akasema, "Kweli, mwalimu." Mwingine akaitikia. Nusu ya darasa lile walikuwa wachunga ng'ombe, na wachunga ng'ombe wanamjua tumbusi, maana ndiye anayewaonyesha ng'ombe aliyepotea amefia wapi. Nikaona vichwa vinatikisika. Nikamwona mkaguzi ameinua kalamu, anangoja jibu langu.

Naomba uelewe vizuri hapa, kwa sababu umeniita mkali na wageni wakakubali. Sikuwa mkali. Niliogopa. Niliona aibu inakuja, nikatafuta mtu wa kumtwisha, na wewe ulikuwa umesimama tayari.

Nikakuita mbele. Nikasema, "Haya, si wewe unajua tumbusi? Nyoosha mikono. Sasa panda bila kupiga." Wenzako wakacheka, hata wale waliosema kweli. Nikaendelea kufundisha na wewe umesimama pale kando ya ubao, mikono imenyooka. Ilipoanza kushuka nikaigusa na rula kutoka chini, nikasema tumbusi hachoki. Nikarudia mara mbili, mara tatu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Hukulia. Ulikuwa unaangalia ukuta wa nyuma, na mabega yako yalikuwa yanatetemeka kabisa. Nilimaliza somo lote bila kukutazama usoni.

Mkaguzi alipoondoka, aliniachia karatasi. Iliandikwa kwamba mwalimu analimudu darasa.

Jioni uliniletea maji ya kunawa kabla ya ugali, kama siku zote. Hukuweza kuinua jagi. Ulilishika kwa mikono miwili na bado maji yakamwagika kwenye mkeka. Mama yako akakukemea kwamba uangalie unachofanya. Nilijua kwa nini mikono yako haina nguvu, nikanawa, nikala.

Shuleni wakakuita Tumbusi. Najua lilidumu mpaka ukamaliza la saba, kwa sababu nililisikia uwanjani na sikumkataza hata mtoto mmoja. Na toka siku ile hukunyoosha mkono tena katika somo langu. Mwanzoni nilifurahi. Unaona nilivyokuwa? Nilifurahi kwamba darasa limetulia.

Sasa nikuambie la bibi yako, maana hili hukulijua vizuri. Uliambiwa tu kwamba bibi alikuwa mgonjwa wa hasira.

Habari ilimfikia siku ya pili yake. Nilikwenda kumsalimia asubuhi kama kawaida, nikasema shikamoo mama. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuinua uso. Nikarudia. Akaendelea kupepeta ulezi wake. Mara ya tatu akaniambia kwa Kikurya, "Nimesikia uliniweka mbele ya watoto, mikono nimenyoosha. Nilikukosea nini, Mwita?"

Nikamwambia si yeye, ni yule mtoto, tena ni mambo ya shule.

"Yule mtoto anaitwa nani?"

Nikasema anaitwa Bhoke. Akasema, "Haya." Basi. Hakuniitikia salamu tangu siku ile ya kiangazi mpaka watu walipovuna. Nilikuwa mwalimu mzima, mtu wa kuamkiwa barabarani na watu wazima, na kila asubuhi nasimama mlangoni kwa mama yangu nikisalimia ukuta.

Nikafanya walivyofanya baba zangu. Nikaenda mjini Mugumu, nikanunua blanketi zito, lile la kijivu lenye mistari. Nikampelekea nikiwa nimevua viatu, nikakaa chini, nikamwomba radhi kwa kulidhalilisha jina lake. Akalipokea. Akajifunika miguu, akaniuliza habari za mvua. Nikatoka pale mwepesi. Nilijiambia jambo limekwisha, kwa sababu aliyekuwa na jina amesamehe.

Ona kosa nililolifanya. Bhoke walikuwa wawili. Mmoja alinyoosha mikono mpaka ikamtetemeka, mwingine akapewa blanketi. Wewe siku ile ulikuwa pale pale uani, unamenya mihogo, na nilipita karibu yako nikitoka kwa bibi. Ukanisalimia, nikaitikia, nikaenda zangu kunywa chai. Mila yetu iliniuliza nimelidhalilisha jina la nani, nami nikaridhika na swali hilo kwa sababu lilikuwa jepesi. Mtu kumwomba radhi mama yake hakumpunguzii kitu. Kumwomba radhi mtoto wake wa kike mwenye miaka kumi na mmoja, hilo sikuwahi kumwona mwanaume yeyote wa huku akilifanya, na sikutaka kuwa wa kwanza.

Kama ingeishia hapo ningekuwa baba aliyekosea kwa kutojua. Kuna wengi wa hivyo. Lakini nilikuja kujua, na ndipo nikafanya baya zaidi.

Ulikuwa la saba. Ng'ombe wa Chacha, mtamba, alikuwa amepotea, yeye akiwa bado anakaa huku kabla ya kuhamia Genkuru. Tulitoka alfajiri kumtafuta, tukamkuta amekufa kwenye korongo. Tumbusi walikuwa juu ya migunga, wamejikunyata, hawasogei. Nikamwuliza Chacha mbona hawashuki. Akasema, "Hawa asubuhi ni wavivu, mpaka ardhi ipate moto. Bhoke ndiye alinionyesha hii kitu, wakati anachunga na watoto wangu. Si ulijua?" Nikasema najua.

Tukawa tunachuna ngozi, jua linapanda. Mnamo saa tatu wakaanza. Mmoja akajitupa kutoka mtini, akapiga mabawa mara chache, akaelekea ng'ambo kwenye ule mteremko ambao watu walikuwa wameuchoma ili majani mapya yaote. Alipofika juu ya ule weusi, akayanyoosha mabawa, akaanza kuzunguka. Mwingine akamfuata, na mwingine. Wakapanda, mama. Hawakupiga hata mara moja. Nilisimama na kisu mkononi nikiwahesabu wakizunguka, na kila mzunguko walikuwa juu zaidi, mpaka wakawa kadogo, kama ulivyosema.

Chacha akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua tu.

Nilirudi nyumbani nikatafuta vitabu, safari hii si ukurasa mmoja. Niliazima hata vya sekondari. Na ninataka nikueleze nilichokuta, kwa sababu ulikuwa na haki ya kuelezwa na mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, na nilikunyima.

Hewa ni kitu. Hapo ndipo nilipokosea tangu mwanzo. Nilifundisha kana kwamba ndege yumo ndani ya utupu na anajipandisha kwa bidii yake. Umewahi kukaa nyuma ya pikipiki ukanyoosha kiganja kwenye upepo. Ukikilaza, kinatulia. Ukiinua kidogo upande wa mbele, mkono wote unanyanyuliwa. Kiganja kinausukuma upepo kwenda chini, na upepo unakisukuma kwenda juu. Bawa linafanya hivyo hivyo, ila lenyewe limeumbwa kwa kazi hiyo, limejipinda kidogo juu, jembamba nyuma. Kuku anapopiga mabawa anajitengenezea upepo wake mwenyewe, ndiyo maana anachoka upesi: ni mzito na mabawa yake mafupi. Kwa hiyo kwa kuku sikuwa nimekosea. Nilikosea kumfanya kuku awe ndege wote.

Tumbusi ana mabawa mapana, naye hana haja ya kuhangaika. Tena kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni hiki: tumbusi anapozunguka vile, anaanguka. Anaanguka muda wote, taratibu, akiteleza juu ya hewa. Ila ardhi nyeusi inashika joto la jua kuliko majani mabichi, inapasha hewa iliyo juu yake, na hewa yenye moto ni nyepesi, inapanda. Tumbusi anaanguka ndani ya hewa inayopanda haraka kuliko yeye anavyoanguka. Basi anajikuta juu. Akitoka nje ya ile hewa anaanza kushuka, kwa hiyo anazunguka asitoke. Na asubuhi ardhi bado baridi, hakuna cha kumbeba, anakaa mtini anangoja.

Yote hayo ulikuwa umeyaona ukiwa na fimbo ya kuchungia mkononi. Kilichobaki ilikuwa mtu mzima mmoja wa kukuambia "kwa nini". Mtu huyo alikuwa analala chumba cha pili.

Nikatengeneza somo. Unakumbuka jiko la mkaa nililolichukua jikoni mama yako akalalamika? Niliwasha mkaa, nikaliweka nje pasipo na upepo, nikachukua unyoya mdogo laini wa kifuani mwa kuku nikauachia juu yake. Ukapanda. Nikauachia pembeni, juu ya majani, ukashuka. Watoto waligombania kuuachia. Habari zikafika kwa mratibu wa elimu wa kata, nikaitwa kituo cha walimu nikawaonyeshe wenzangu. Nikaanza na tumbusi na mteremko uliochomwa, nikamaliza na unyoya. Walipiga makofi. Mwalimu mmoja mama, kutoka Morotonga, akanyoosha mkono akauliza hili wazo la tumbusi nimelipata wapi.

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa kusema tu, "Kwa binti yangu." Maneno matatu. Nikasema, "Nilichunguza mwenyewe."

Nikapewa cheti cha ubunifu. Ni kile kilichoko sebuleni juu ya redio, chenye fremu. Wewe ndiye uliyekuwa unakifuta vumbi kila Jumamosi, unapuliza kwenye kioo, unasugua kwa pindo la gauni. Siku moja uliniuliza ni cha nini. Nikakujibu, cha kazi. Nimekaa na kitu hicho ukutani miaka sita na sijawahi kukisoma tena.

Utaniuliza kwa nini sikukuambia. Nimejiuliza njia nzima kuja hapa. Mwanzoni nilisema ngoja umalize mtihani. Halafu ulikwenda sekondari, ukawa unarudi likizo mrefu na mtaratibu, nikasema ameshasahau, kwa nini nimkumbushe. Kila siku iliyopita ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi. Ulipofika kidato cha pili ukaleta fomu ya kuchagua masomo, ukawa umeiacha fizikia. Mwalimu wako wa fizikia alinipigia simu. Alisema, "Huyu binti anaweza, ila haulizi. Hata asipoelewa hasemi kitu." Nikamjibu kwamba wasichana wengi wanapenda masomo ya historia na Kiswahili. Nikasaini.

Sisemi ungekuwa rubani. Sitaki kukuundia maisha mengine ili nijisikie vibaya kwa raha. Umechagua ualimu na najua utauweza. Nasema tu kwamba mlango mmoja uliufunga ukidhani ni wewe huna akili, na aliyeusukuma ni mimi.

Naona aibu, Bhoke. Nimeona aibu kwa miaka mingi, lakini ilikuwa aibu ya kujificha, ile inayomfanya mtu awe na maneno mengi kanisani na kimya nyumbani. Ya leo ni nyingine. Leo nimesikia kosa langu likitoka kinywani mwako limegeuka kuwa maarifa. Umelihifadhi vizuri, umelikunja, unaondoka nalo. Kuna mtoto huko Singida kwenye chuo chako, au popote watakapokupangia baadaye, ambaye hata hajazaliwa labda, na nimeshamwandalia pa kusimama.

Sina ushauri mkubwa wa kukupa kuhusu kazi hii. Ninalo moja nililojifunza nikiwa nimechelewa. Mwaka juzi mtoto aliniuliza kwa nini kumbikumbi anapata mabawa, anaruka jioni moja tu, halafu anayakata mwenyewe na kutembea. Nilihisi ile hofu ya zamani inarudi. Nikasema, "Sijui." Nikashika meza. Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Mtoto akasema, "Basi tukaangalie, mwalimu," tukatoka nje, na mvua ilipokatika jioni ile watoto wengi walikuja kuniita kwenye kichuguu. Tuliona kumbikumbi wanavyotua wawili wawili, wanayaacha mabawa kwenye tope, wanatafuta ufa wa kuingia. Mabawa ni ya kuwafikisha tu. Mwingine akaniuliza popo anarukaje wakati hana manyoya ya ndege, nikasema hilo nalo sijui, nikaenda nikasoma, nikarudi na jibu: mifupa ya vidole vyake ni mirefu, na ngozi imetandazwa katikati yake, kwa hiyo popo anaruka kwa mikono. Walikaa dakika nzima wanaangalia vidole vyao. Hakuna aliyenidharau. Miaka ishirini na mbili niliogopa neno ambalo halikuniuma lilipotoka.

Nawe utaliogopa. Siku ya kwanza utasimama mbele yao na utajua kitu kimoja kati ya vitano, na kuna mtoto atanyoosha mkono. Sikuambii ufanye nini. Nakuambia tu mimi nilifanya nini, na iligharimu nini, na nani alilipa.

Jua limeshuka, hapa darasani bado naona mistari ya karatasi lakini si kwa muda mrefu. Mama yako ametuma mtu kuuliza kama nimekwama dirishani.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye sanduku lako, chini ya shuka, uikute ukifika. Nimebadili nia nikiwa katikati ya ukurasa wa tatu. Nimeona ni lile lile blanketi. Nilikudhalilisha mbele ya watu arobaini na mgeni. Leo nimecheka mbele ya ukoo. Siwezi kukuomba radhi ndani ya bahasha, mahali ambapo hakuna anayeniona, halafu nijihesabu nimemaliza.

Kwa hiyo nikitoka hapa nakwenda kuwaambia wageni kwamba kesho asubuhi hakuna anayeondoka kabla ya chai. Chacha, shangazi yako Robhi, majirani, wote waliocheka. Basi lako ni la saa mbili, tutaamka mapema. Wewe utakaa kwenye kiti changu. Mimi nitasimama, na nitaisoma barua hii yote kwa sauti, pamoja na cheti, pamoja na fomu niliyosaini, mpaka mstari wa mwisho. Nikimaliza nitakukabidhi karatasi hizi uende nazo. Huna wajibu wa kunijibu hapo, wala kunisamehe kwa kuwa watu wanatazama. Unaweza kupanda basi bila kunipa mkono na hakuna atakayekulaumu, maana watakuwa wamesikia.

Naogopa, mama. Nina miaka hamsini na mbili na ninachoogopa ni kusimama mbele ya watu na kusema ukweli nilioujua. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na ulinyoosha mkono mwenyewe.

Mimi baba yako,
Mwita